Sensa ya Aksileta ya Kebo Katika Gari Lililogeuzwa Kuwa la Umeme: Dalili, Vyanzo na Utatuzi

Gari lililotolewa injini ya petroli na kuwekewa mota ya umeme kwa kawaida hubaki na pedali yake ya zamani, na mara nyingi hubaki pia na kebo ile ile iliyokuwa ikivuta kabureta. Kinachobadilika ni kile kilicho mwisho wa kebo. Badala ya kabureta, kebo huvuta mkono mdogo wa sensa. Sensa hutoa volti zinazopanda kadiri mkono unavyozunguka. Na kontrola ya mota husoma volti hizo ili ijue dereva anataka nguvu kiasi gani.

Sensa za namna hii zilitengenezwa katika kipindi cha mpito, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati baadhi ya magari ya Toyota na Lexus yalikuwa na kebo kutoka kwenye pedali hadi kwenye sensa iliyo ndani ya boneti, ilhali mlango wa hewa ulifunguliwa kwa mota ndogo. Hapa Nairobi utazikuta katika maduka ya spea zilizotumika ya Kirinyaga Road, ambako wengi wetu bado tunakuita Grogan, na mara nyingi muuzaji hajui kuwa kile kisanduku cheusi chenye gurudumu la kebo kina thamani kwa mtu anayejenga gari la umeme. Ukikipata, chukua pamoja na kishikio chake cha chuma na plagi yake, na umsihi muuzaji akate nyaya walau sentimita 20 kutoka kwenye plagi, kwa kuwa plagi iliyokatwa karibu na shingo haiungiki vizuri tena.

Hitilafu nyingi za mfumo huu huonekana kama za umeme ilhali chanzo ni kebo, na chache huonekana kama za kebo ilhali chanzo ni waya wa hasi. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye dalili. Katika kila hatua kuna swali ambalo ningependa msomaji alishike kuliko kipimo chochote: waya huu ukikatika sasa hivi, au kebo hii ikikwama, gari litasimama au litakimbia?

Kabla ya kupima chochote

Inua magurudumu yanayoendeshwa na mota, uyaweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Zima swichi kuu ya betri kubwa. Kontrola nyingi huipa sensa volti zake hata kama kontakta kuu, yaani swichi kubwa inayounganisha betri na kontrola, haijaunganisha, mradi tu umeme wa volti 12 upo; kwa hiyo karibu vipimo vyote vilivyo hapa chini vinaweza kufanywa bila mota kuwa na uwezo wa kuzunguka.

Kisha pima volti za ishara, yaani zile ambazo sensa huipelekea kontrola, mahali zinapoingia kwenye kontrola, si kwenye sensa. Ingiza pini nyembamba ya kushonea kwa nyuma ya plagi, gusisha mita hapo, na uandike namba tatu: pedali ikiwa imeachiliwa, ikiwa katikati, na ikiwa imekanyagwa hadi chini. Mimi huziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha utepe ninachobandika juu ya kontrola. Gari likirudi baada ya miezi sita likiwa na hitilafu, namba hizo tatu hunionyesha kilichobadilika kabla sijafungua nati hata moja.

Sensa ina nyaya sita na hakuna anayejua pini zake

Nyaya ni sita kwa sababu ndani ya kisanduku kimoja mna sensa mbili zinazofanya kazi sambamba, kila moja ikiwa na chanya, hasi na ishara yake. Katika michoro ya Toyota, VCPA na VCP2 ni chanya za volti 5, EPA na EPA2 ni hasi, na VPA na VPA2 ni ishara. Usiziamini rangi za nyaya. Hubadilika kutoka gari hadi gari.

Swali la kwanza ni kama sensa ni potenshiomita, yaani ya kusugua kama kitufe cha sauti cha redio ya zamani, au ni ya sumaku, aina ya Hall. Chomoa plagi, weka mita kwenye omu, na upime pini mbili mbili huku ukizungusha mkono wa sensa polepole. Kwenye potenshiomita utapata kundi la pini tatu ambamo jozi moja ina omu zisizobadilika hata ukizungusha mkono: hizo ni chanya na hasi. Pini ya tatu ni ishara, nayo omu zake kwa moja ya zile mbili hupanda na kwa nyingine hushuka. Kundi la pili la pini tatu litafanya vivyo hivyo. Ili kujua ipi kati ya zile mbili ni hasi, weka mkono mahali unapokaa ukiwa umeachiliwa. Ile iliyo na omu chache zaidi kuelekea kwenye ishara ndiyo hasi katika sensa ambayo ishara yake hupanda. Ukizigeuza hizi mbili, potenshiomita haitaungua, lakini itasoma kinyume: nguvu kamili pedali ikiwa juu, na sifuri ikiwa chini.

Ikiwa omu hazibadiliki kwa namna yoyote inayoeleweka, sensa ni ya Hall, na hapo mita ya omu haina msaada zaidi. Hii ndiyo sensa inayouawa mara nyingi mezani, kwa kuwa ina saketi ndani yake, nayo huharibika ikiunganishwa kinyume au ikipewa volti 12 za betri. Tafuta mchoro wa gari ilikotoka sensa kabla ya kuiunganisha. Ukilazimika kujaribu, tumia volti 5 zinazopita kwenye rezista ya omu 100, ambayo haitaruhusu zaidi ya miliampia 50 hata kama umekosea. Sensa iliyounganishwa sawasawa huvuta miliampia chache tu. Ukiona volti zote zinaishia kwenye rezista, kata umeme mara moja na ubadilishe pini.

Jambo jingine la kuthibitisha mapema ni kama kontrola yako inakubali volti. Kontrola kadhaa za zamani, hasa zilizokusudiwa potenshiomita ya nyaya mbili kama Curtis PB-6, husoma ukinzani wa omu 0 hadi 5,000 na wala si volti. Sensa ya Hall haitafanya kazi hapo kamwe. Potenshiomita ya gari nayo haifai sana, kwa kuwa nyingi zina ukinzani wa ziada mwanzoni mwa njia yao na haziwezi kufika omu 0, jambo ambalo kontrola itaona kama pedali iliyokanyagwa kidogo wakati wote. Kama kontrola ina mpangilio wa kuchagua aina ya ishara, chagua volti 0 hadi 5. Kama haina, tafuta sensa nyingine.

Kontrola inawaka lakini mota haizunguki

Soma kwanza msimbo wa hitilafu. Kontrola nzuri hukataa kuanza ikiwa, wakati funguo inawashwa, ishara tayari iko juu ya kiwango cha kuanzia, yaani volti ambazo juu yake kontrola huanza kuipa mota nguvu. Ni kinga ya makusudi dhidi ya gari kuruka mbele mara tu linapowashwa, na haipaswi kuzimwa hata kama programu ya kontrola inaruhusu.

Chanzo cha kwanza cha kutazama ni kebo iliyokazwa mno. Pedali ikiwa juu kabisa, kebo inapaswa kuwa na ulegevu wa milimita 1 hadi 2 unaoonekana ukiibonyeza kwa kidole. Kebo iliyonyooka kama uzi wa gitaa hushikilia mkono wa sensa mbali kidogo na kituo chake, na mita itasoma volti 1.2 mahali ambapo sensa hiyo hiyo ikiwa peke yake ingesoma 0.8. Legeza nati ya marekebisho, upime tena.

Ikiwa kebo ni legevu na volti ni zile zile, tazama mipangilio. Sensa za magari hazianzii sifuri. Katika magari mengi ya Toyota, ishara ya kwanza ikiwa imeachiliwa huwa kati ya volti 0.5 na 1.1, na ya pili kati ya 1.2 na 2.0. Kuanzia juu ya sifuri kuna faida kubwa: volti 0 kamili humaanisha waya umekatika, na kontrola inaweza kulitambua hilo. Kwa hiyo usijaribu kuishusha sensa hadi sifuri. Pandisha kiwango cha kuanzia cha kontrola kiwe takribani volti 0.2 juu ya volti za sensa ikiwa imetulia. Na ukiona kontrola inasoma volti 1.6 bila sababu, angalia kama hukuunganisha ishara ya pili mahali pa ya kwanza.

Hatimaye kuna swichi ndogo ya pedali, kama mfumo wako unayo. Hufungwa pedali inapoanza kushuka, na bila hiyo kontrola haitoi nguvu yoyote. Isikilize inapobonyea, kisha ipime kwa omu.

Gari linasonga lenyewe

Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na isichukuliwe kuwa ni usumbufu wa kuvumiliwa. Gari linalosonga lenyewe halitoki uani mpaka chanzo kijulikane.

Gari likisonga wakati wote, rudi kwenye kebo iliyokazwa na kiwango cha kuanzia kilichoelezwa hapo juu. Likisonga baada tu ya pedali kukanyagwa na kuachiliwa, kebo au springi hairudi, na hilo lina sehemu yake hapa chini. Lakini likisonga mara moja moja, bila mpangilio unaoonekana, chunguza waya wa hasi wa sensa.

Nilijifunza hili kwa pikapu ndogo niliyokuwa nimeifunga mwenyewe. Magurudumu yalikuwa juu ya stendi, pedali haijaguswa, na kila baada ya muda gurudumu la nyuma la kushoto lilianza kuzunguka taratibu, likaendelea kwa sekunde sita au saba, kisha likasimama. Niliibadilisha sensa. Nikaibadilisha kebo. Gurudumu liliendelea. Jioni ile msaidizi wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha dereva akikanyaga breki bila kufikiri, ndiye aliyetambua kuwa gurudumu huanza pale pampu ya breki inapolia.

Gari la umeme halina injini ya kuvuta hewa ya kusaidia breki, kwa hiyo huwekewa pampu ndogo ya umeme. Pampu ile ilikuwa ikivuta takribani ampia 8, nami nilikuwa nimeiunganisha hasi yake kwenye bolti moja ya chasi pamoja na hasi ya sensa. Nilipoifungua bolti, chini ya kikombe cha waya palikuwa na rangi ya zamani ya gari iliyokwanguliwa nusu tu, na pembeni unga wa kijani. Ukinzani wa pale ulikuwa kama omu 0.04, kitu ambacho mita ya kawaida haiwezi kukipima kwa uhakika. Lakini ampia 8 zikipita kwenye omu 0.04, hasi ya sensa hupanda kwa volti 0.32 juu ya hasi ya kontrola, na ishara iliyokuwa 0.82 ikawa 1.09. Kiwango cha kuanzia cha kontrola kilikuwa volti 1.0. Kwa maneno mengine, kila dereva alipokanyaga breki, gari liliambiwa liende mbele.

Suluhisho ni kwamba hasi ya sensa isiguse chasi hata kidogo. Iende moja kwa moja hadi kwenye pini ya hasi ya sensa iliyo kwenye kontrola, kwa waya wake wenyewe, bila kifaa kingine chochote njiani. Ili kuthibitisha, weka waya mmoja wa mita kwenye hasi ya sensa na mwingine kwenye hasi ya kontrola, kisha uwashe kimoja kimoja: taa kubwa, feni, waipa, pampu ya breki. Mita isisogee zaidi ya milivolti chache. Ikisogea, umeshapata chanzo.

Nguvu haifiki mwisho

Pedali iko chini kabisa lakini gari halina nguvu inayotarajiwa, hasa likipanda mlima. Nimesikia mafundi wazoefu wakilaumu mwinuko wa Nairobi, ambao ni zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Lawama hiyo ni ya injini ya petroli, ambayo hupoteza nguvu kwa kukosa hewa; mota ya umeme haipumui, na mwinuko huo hauibi nguvu zake.

Linganisha volti za pedali ikiwa chini na volti za sensa ukiuzungusha mkono wake kwa kidole hadi mwisho. Zikitofautiana, kebo haivuti urefu wa kutosha. Hesabu yake ni rahisi. Chukua gurudumu la sensa lenye nusu kipenyo cha milimita 30 ambalo linapaswa kuzunguka digrii 80: kebo inahitaji kuvutwa takribani milimita 42. Kama pedali ya gari lako huvuta milimita 30 tu, sensa itazunguka digrii 57 na kuishia hapo. Sensa inayotoka volti 0.8 hadi 4.0 itaishia karibu volti 3.1, na kontrola itadhani dereva bado anajizuia.

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kupunguza nusu kipenyo mahali kebo inapovutia, katika mfano huu hadi kama milimita 21.5, kwa kutoboa tundu jipya kwenye mkono wa sensa au kutengeneza mkono mwingine wa bati nene. Ya pili ni kuiambia kontrola kwamba volti 3.1 ndizo mwisho. Njia ya pili ni ya haraka, lakini hupunguza umbali kati ya volti za mwanzo na za mwisho, na dereva atahisi pedali ina hasira. Mimi hupendelea kutoboa tundu. Kwa upande mwingine, kama kebo huvuta zaidi ya sensa inavyoweza kuzunguka, weka kizuizi cha pedali kwenye sakafu, kwa kuwa vinginevyo mguu wa dereva utakuwa ukivuta kituo cha ndani cha sensa kila siku, na siku moja kitavunjika.

Ikiwa volti zinalingana na bado nguvu ni ndogo, sensa haina kosa. Tazama kikomo cha ampia cha kontrola, hali ya betri na joto la mota.

Gari linashtuka

Kwanza utenganishe mambo mawili: kushtuka ambako hutokea mahali pale pale pa pedali, na kushtuka ambako hutokea mota inapovuta ampia nyingi.

Kwenye potenshiomita, njia ya kaboni huchakaa zaidi pale mguu wa dereva wa zamani ulipokuwa ukikaa kwa muda mrefu, yaani katika robo ya kwanza ya mwendo wa pedali. Ndipo dereva huketi akiwa kwenye msongamano, na gari lililotoka Japani halikukosa msongamano huko pia. Kwa kipimo hiki weka kando mita ya dijitali, maana husoma mara chache kwa sekunde na huruka juu ya tobo, yaani mahali kaboni ilipoisha. Tumia mita ya mshale. Sukuma mkono wa sensa kwa kidole polepole sana, kwa muda wa nusu dakika kutoka mwanzo hadi mwisho, na utazame mshale: unapaswa kupanda kama maji yanavyojaa ndooni. Mahali palipochakaa, mshale hutetemeka au huanguka ghafla na kurudi. Kupuliza dawa ya kusafishia viunganishi huondoa vumbi, lakini hakurudishi kaboni iliyoisha. Sensa iliyoonyesha tobo mara moja sitaifunga kwenye gari la mtu. Kama ile njia ya pili ndani ya kisanduku ni nzima, wengine huitumia peke yake. Mimi sifanyi hivyo, kwa kuwa zote mbili zimesuguliwa na mkono mmoja kwa miaka ile ile.

Kushtuka kunakofuata ampia ni kelele za umeme. Kontrola hukata na kuunganisha mkondo mkubwa maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wa ishara uliolazwa kando ya kebo nene za mota huzipokea kelele hizo kama antena. Tumia waya wenye wavu wa kinga, na wavu huo uunganishwe na hasi upande wa kontrola tu. Ukiunganishwa pande zote mbili, wavu wenyewe huwa njia ya mkondo. Sokota ishara pamoja na hasi yake. Acha nafasi ya sentimita 20 au zaidi kati yake na kebo za mota, na zinapolazimika kukutana, zipishane kama msalaba. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya ishara na hasi kwenye pini za kontrola husaidia pia, ingawa haichukui nafasi ya waya uliopitishwa vizuri.

Pedali hairudi, au inarudi polepole

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi huligundua kwa kuchelewa. Katika gari la kabureta, springi kubwa inayorudisha pedali ilikuwa kwenye kabureta. Ulipoitoa injini, uliitoa springi hiyo pia. Springi iliyo ndani ya sensa inaweza kutosha kurudisha mkono wake yenyewe, lakini isiweze kuvuta kebo ya umri wa miaka 25 pamoja na pedali ya chuma.

Weka springi ya pili ya nje, iliyofungwa kwenye mkono wa sensa, na ya tatu kwenye pedali yenyewe. Kila moja peke yake iwe na uwezo wa kurudisha mfumo wote. Jaribu kwa kuzifungua moja moja.

Kisha chomoa kebo pande zote mbili, uning'inize ganda lake wima, na uuache waya wa ndani ushuke kwa uzito wake. Ukikwama, pitisha vidole juu ya waya wa ndani na kitambaa cha pamba: uzi uliokatika utanasa kwenye kitambaa. Kebo yenye uzi hata mmoja uliokatika hutupwa. Kama ganda lina plastiki ndani, usijaze grisi nzito, kwa kuwa grisi hukusanya vumbi na kugeuka gundi. Tazama pia kona: kebo iliyokuwa imenyooka kwenda kwenye kabureta sasa huenda inapinda mara mbili ili kufika kwenye sensa uliyoifunga pembeni. Ni afadhali kuhamisha sensa kuliko kuilazimisha kebo.

Hitilafu huja wakati wa mvua

Kati ya Machi na Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, magari yaliyofanya kazi vizuri miezi yote huanza kuonyesha msimbo wa sensa kisha kupona jua likitoka. Maji yameingia kwenye plagi. Fungua na utazame pini kwa tochi: shaba yenye ukungu wa kijani au pini iliyozama ndani kuliko wenzake ndiyo yenye kosa. Kusafisha kwa brashi husaidia kwa wiki chache; pini iliyoliwa ibadilishwe. Sensa ifungwe plagi ikielekea chini, na nyaya zishuke kidogo chini ya plagi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke mahali pale badala ya kufuata waya hadi ndani.

Kontrola inasema ishara mbili hazilingani

Si kila mtengenezaji huhusisha ishara mbili kwa njia moja. Katika Toyota nyingi, ya pili hukaa takribani volti 0.8 juu ya ya kwanza katika mwendo wote wa pedali. Kwa wengine ya pili ni nusu ya ya kwanza, na wengine huishusha ya pili huku ya kwanza ikipanda. Kontrola iliyopangwa kwa mtindo mmoja itakataa sensa ya mtindo mwingine, na sensa itakuwa nzima kabisa. Pima zote mbili kwa pedali juu, katikati na chini, tambua mtindo, kisha uchague mpangilio unaofaa. Kama zinalingana pedali ikiwa juu lakini zinaachana katikati, hapo sensa imechakaa.

Jaribio la kukata nyaya

Kabla gari halijashushwa kutoka kwenye stendi, ninafanya jaribio hili hata kama hakuna dalili yoyote iliyobaki. Betri kubwa ikiwa imeunganishwa na magurudumu yakizunguka polepole hewani, ninachomoa waya mmoja mmoja wa sensa na kutazama.

Waya wa chanya ukichomolewa, ishara hushuka na mota husimama. Waya wa ishara ukichomolewa, pini ya kontrola hubaki bila mwenyewe na volti zake zinaweza kuelea popote. Rezista ya omu 100,000 kati ya pini hiyo na hasi, ndani ya kontrola au nje yake, huivuta hadi sifuri, na ukinzani wake ni mkubwa kiasi kwamba hauathiri usomaji wa kawaida.

Waya wa hasi ndio wa hatari. Katika potenshiomita, hasi ikikatika, ishara yote hupanda kuelekea volti 5, na kontrola isiyo na kinga huona pedali iliyokanyagwa hadi sakafuni. Rezista ile haisaidii hapa. Kinachosaidia ni mpaka wa juu: kama sensa yako huishia volti 4.0, ipangie kontrola kuwa chochote kinachozidi 4.5 ni hitilafu na mota ikatwe. Kontrola isiyoweza kupangiwa mpaka huo haifai kufungwa na sensa hii, hata kama ni ya bei nafuu kiasi gani. Chomoa hasi huku mkono wako mwingine ukiwa juu ya swichi kuu ya betri. Mota ikisimama na msimbo wa hitilafu ukiwaka, rudisha waya, zima funguo na uiwashe tena, hakikisha namba tatu za kwenye utepe hazijabadilika, kisha ushushe gari.